Tuurudishe Mwaka Gani?

Mzee aliyekaa nami kwenye benchi la kituo cha tramu alitoa picha kwenye pochi yake kabla hata hatujaulizana majina. Ilikuwa picha ndogo, ya nyeusi na nyeupe, imekunjika pembe. Ndani yake kulikuwa na kanisa lenye paa refu la mwinuko mkali, na ubavuni mwake jengo la chuo. "Hivi ndivyo palivyokuwa," akasema, kisha akanyoosha kidole upande wa pili wa uwanja. Pale alipoonyesha pamesimama jengo ninaloingia karibu kila siku: Paulinum, mali ya Chuo Kikuu cha Leipzig. Ni jengo la mawe na vioo, paa lake linafanana na la kanisa, lakini dirisha lake kubwa la mbele limekaa upande, kana kwamba fundi alijikwaa wakati wa kuliweka.

"Wangelijenga kama lilivyokuwa," akasema mzee. "Dresden wameweza. Sisi tumepewa hiki."

Huo ulikuwa mwezi wangu wa tatu Ujerumani. Kijerumani changu kilitosha kununulia mkate na kuulizia njia. Nikaitikia kwa kichwa, kama mtoto aliyelelewa Unguja anavyoitikia mbele ya mtu mzima. Leo niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, na kule kuitikia kunanisumbua bado, kwa sababu sikukubaliana naye hata kidogo. Makala hii ni jibu nililomnyima.

Jibu langu ni hili: kulijenga upya jengo lililobomolewa, lifanane kabisa na la zamani kana kwamba hakuna aliyeligusa, ni kulibomoa mara ya pili. Mara ya kwanza yaliondolewa mawe. Mara ya pili unaondolewa ushahidi.

Kwanza tuuangalie uwanja wenyewe, maana mzee alinionyesha upande mmoja tu. Augustusplatz ni kati ya viwanja vikubwa vya mjini katika Ujerumani nzima. Zamani eneo hili lilikuwa nje ya ukuta wa mji, na ukuta ulipoanza kuondolewa mwishoni mwa karne ya 18, nafasi ikapatikana. Mwaka 1839 uwanja ukapewa jina la Friedrich August wa Kwanza, mfalme wa Saksonia. Mwaka 1945 ukaitwa Karl-Marx-Platz. Mwaka 1990 Marx akaondolewa na mfalme akarudi.

Majengo nayo yalibadilika. Tarehe 4 Desemba 1943, ndege za Waingereza ziliushambulia mji kwa mabomu. Jumba la tamthilia lililokuwa kaskazini mwa uwanja liliteketea, na makumbusho ya sanaa yaliyokuwa kusini pia. Serikali ya Ujerumani Mashariki ikajenga Opera upande wa kaskazini, iliyofunguliwa 1960, na upande wa kusini Gewandhaus, ukumbi wa muziki uliofunguliwa 1981. Magharibi ukapanda mnara wa mita 142 uliobuniwa na Hermann Henselmann na kumalizika 1972, umbo lake kama kitabu kilichofunguliwa. Wenyeji waliutania kwa jina la jino la hekima, yaani gego la mwisho. Ulikuwa mnara wa chuo. Siku hizi umeuzwa, na ndani yake wamo wapangaji wa ofisi. Sijamsikia mtu akibeba picha yake kwenye pochi.

Kanisa la mzee, la Mtakatifu Paulo, lilipona mabomu ya 1943 bila madhara makubwa. Halikuuawa na vita. Liliuawa wakati wa amani, kwa kura na kwa baruti. Walter Ulbricht, kiongozi wa Ujerumani Mashariki na mzaliwa wa Leipzig, alitaka uwanja wa kijamaa, na kanisa la karne ya 13 halikuwa na nafasi ndani ya uwanja huo. Tarehe 23 Mei 1968 madiwani wa mji walipiga kura. Mmoja tu alikataa. Wiki moja baadaye, asubuhi ya tarehe 30 Mei, kanisa likalipuliwa. Katika siku chache zilizobaki kabla ya mlipuko, watu walihangaika kuokoa walichoweza: madhabahu, mimbari, mabamba ya kumbukumbu za wafu. Chini ya sakafu kulikuwa na mamia ya makaburi. Kifusi kilibebwa na kwenda kufukiwa kwenye shimo la mchanga pembezoni mwa mji.

Nimeyaandika haya kwa urefu ili asije mtu akasema sijui uchungu wake. Ninaujua. Mimi ni Muislamu na kanisa lile halikuwa langu, lakini kumfukua maiti wa mwenzako kwa haraka, usiku na mchana, ili upate eneo la gwaride, ni jambo linalochukiza bila kuulizana dini.

Na upo ushujaa nyuma ya picha ya mzee. Tarehe 20 Juni 1968, siku ishirini na moja baada ya mlipuko, kulikuwa na sherehe ya kufunga mashindano ya muziki wa Bach katika ukumbi mkubwa wa mji. Ghafla juu ya jukwaa bango likajikunjua lenyewe. Lilikuwa na mchoro wa kanisa, mwaka 1968 na msalaba, pamoja na maneno yenye maana ya "Tunadai lijengwe upya." Lilifunguliwa na saa ya kuamshia, iliyotegeshwa na wanafunzi. Ukumbi ukapiga makofi. Wawili kati ya wahusika, Harald Fritzsch na Stefan Welzk, walitoroka kiangazi hicho hicho kwa mtumbwi wa kukunja, kutoka Bulgaria hadi Uturuki, kupitia Bahari Nyeusi. Baadhi ya wenzao waliobaki walikamatwa na kufungwa.

Hapa ndipo mpinzani wangu hodari anaponinasa. Kama mashujaa wenyewe walidai lijengwe upya, wewe mgeni wa juzi una haki gani ya kupinga?

Swali ni zuri, nalo halijibiwi kwa kulikwepa. Sentensi ile ile hubadilika maana kufuatana na nani anaisema na lini. Mwaka 1968 vumbi lilikuwa halijatulia. Kusema "lijengwe upya" kulikuwa na maana ya "mmefanya uovu, na tumewaona." Aliyesema hivyo alihatarisha miaka ya maisha yake. Januari 2003 sentensi hiyo ilitoka kwingine. Serikali ya jimbo la Saksonia ilitangaza kuunga mkono ujenzi mpya wa kanisa, huku chuo kikiwa kimeshapanga jambo jingine kwenye ardhi yake. Mkuu wa chuo, Volker Bigl, akajiuzulu pamoja na wasaidizi wake. Bango la wanafunzi lilikuwa limehamia mikononi mwa dola. Na dola inapodai kurudisha jana, mwananchi ana wajibu wa kuuliza: jana ipi?

Swali hili ndilo nilipaswa kumuuliza mzee. Tuurudishe mwaka gani?

Turudi 1240, kanisa lilipowekwa wakfu na watawa wa Kidominiko? Hao waliondolewa wakati wa Matengenezo ya Kiprotestanti, na nyumba yao ikawa ya chuo. Turudi 1545, Martin Luther alipoliweka wakfu kuwa kanisa la chuo? Wakati huo uwanja haukuwepo, na upande wa kanisa unaoonekana pichani ulikuwa mgongo, umegeukia ukuta wa mji. Uso ule mzuri wa mtindo wa Kigothi, ambao mzee alikuwa akiupapasa kwa kidole gumba, ulitengenezwa na msanifu Arwed Roßbach mwishoni mwa karne ya 19. Siku ulipolipuliwa ulikuwa na umri wa miaka sabini hivi. Kitu ambacho watu wanakililia kuwa ni cha kale kilikuwa chenyewe ni ukarabati, uliofanywa na kizazi kilichotaka uwanja wake upendeze. Simlaumu Roßbach. Ninachosema ni kwamba hakuna "kama palivyokuwa." Pamekuwa hivi, pamekuwa vile. Anayechagua mwaka mmoja na kuuita asili anafanya siasa, hata kama machozi yake ni ya kweli.

Halafu kuna miaka ambayo hakuna anayetaka kuirudisha. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Novemba 1938, duka la nguo la Bamberger & Hertz, mali ya familia ya Kiyahudi, lilichomwa moto hapa hapa uwanjani. Kanisa lilikuwepo, uso wake wa Kigothi mzima kabisa, limesimama likitazama. Uwanja wa kwenye picha ya mzee, ule mzuri uliokamilika, ndio ule ule ulioona moto huo. Ukiurudisha uzuri bila moto, umetengeneza kadi ya posta.

Na kuna mwaka ambao wapenda ujenzi mpya huusahau kwa urahisi, ingawa wote wanausifu. Jumatatu ya tarehe 9 Oktoba 1989, watu wapatao 70,000 walikusanyika hapa baada ya sala katika kanisa la Mtakatifu Nikolai na makanisa mengine, wakaandamana kuizunguka barabara ya pete ya mji. Kurt Masur, kiongozi wa okestra ya Gewandhaus, alisoma wito wa utulivu uliorushwa kwa vipaza sauti. Polisi hawakufyatua risasi. Mwezi mmoja baadaye Ukuta wa Berlin ulifunguka. Watu wale hawakusimama kwenye uwanja wa Roßbach. Walisimama Karl-Marx-Platz, kati ya Opera ya kijamaa na Gewandhaus ya kijamaa, mbele ya jengo la chuo lililojengwa juu ya kanisa lililouawa. Ukutani mwake wakati huo ilining'inia sanamu ya shaba ya Marx yenye uzito wa tani 33. Waliushinda utawala ndani ya uwanja wa utawala wenyewe. Ukiondoa saruji yote ile kwa sababu ni mbaya na ya aibu, unawaondolea ardhi waliyoisimamia.

Mtu ataniambia ninatia chumvi. Basi apande treni aende Berlin. Kasri la wafalme lililipuliwa na Ujerumani Mashariki mwaka 1950. Mahali pake, mwaka 1976, likafunguliwa Jumba la Jamhuri, lililokuwa na bunge, lakini pia kumbi za muziki na mikahawa ambamo watu wa kawaida walikula na kucheza dansi. Ujerumani iliyoungana ikalibomoa jumba hilo, kazi iliyokwisha 2008, ili kulijenga tena kasri. Sasa lipo, kuta zake tatu za nje zimechongwa upya kwa mtindo wa wafalme, na ndani vimewekwa vitu vya makumbusho kutoka Afrika na Asia, vikiwemo vilivyochukuliwa enzi za ukoloni. Tazama mfuatano huo: umebomoa kumbukumbu za raia wako walio hai, ukarudisha sura ya wafalme, kisha ukaingiza humo mali za watu waliotawaliwa. Hivyo ndivyo "kama palivyokuwa" inavyofanya kazi ikipewa pesa.

Ndiyo maana ninaitetea Paulinum, jengo ambalo karibu kila mtu mjini amewahi kulilalamikia. Baada ya mtafaruku wa 2003, shindano jipya la ubunifu lilishindwa na msanifu Mholanzi Erick van Egeraat mwaka 2004. Ujenzi ulichelewa mno. Jengo lilifunguliwa rasmi Desemba 2017. Waligombana kuhusu kila kitu. Mimbari iliyookolewa irudi au isirudi? Ukuta wa kioo utenganishe sehemu ya ibada na ukumbi wa chuo, au usiwepo? Hata jina lilikuwa vita, na likaishia kuwa la pande mbili: ukumbi wa chuo na pia kanisa la chuo. Sisi Wazanzibari neno muafaka tunalijua vizuri. Tunajua kwamba muafaka haumfurahishi mtu, na tunajua bei ya kuukosa.

Ingia ndani. Dari ni ya matao, kama la kanisa la kale. Nguzo zinateremka kutoka juu, nyeupe, zinawaka taa kwa ndani. Lakini baadhi yake hazifiki chini. Zinakatika hewani, juu ya vichwa vya watu waliokaa. Mara ya kwanza nilipoketi chini ya nguzo moja, kwenye tamasha la muziki la jioni, nilikosa raha; nikawa naangalia juu kila dakika. Nadhani ndivyo inavyopaswa kuwa. Nguzo isiyogusa sakafu inakwambia kwamba hapa palikuwa na kitu, kilikatwa, na hatukudanganyi kwamba kimerudi. Ukuta wa kioo nao, ambao wachungaji wengi wanauchukia, unawaacha wanaosali na wanaosoma waonane. Kanisa la Roßbach likijengwa upya lingempa mzee faraja. Paulinum inampa mjukuu wake sababu ya kuuliza, "Babu, kwa nini nguzo hii imekatika?" Nikilazimishwa kuchagua, namchagua mjukuu.

Wapo pia wa upande wa pili, nao siwaachi. Hao husema chuo ni cha sayansi, kanisa lilikwisha, isingehitajika hata alama ya paa. Kwao kila anayetaja kanisa ni mtu wa kale. Ninawaambia hivi: chuo ndicho kilichokuwa mwenye nyumba 1968, na uongozi wake haukuizuia baruti. Taasisi iliyoshiriki kubomoa haina haki ya kuchoka kukumbuka mapema kuliko waliobomolewa.

Sasa nirudi kwenye benchi, kwa sababu mazungumzo yetu hayakuishia kwenye picha. Mzee aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia. Uso wake ukachangamka. "Zanzibar! Tuliwajengea nyumba!"

Ni kweli. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Ujerumani Mashariki ilikuwa rafiki wa mapema wa Zanzibar, na ilijenga nyumba za maghorofa Kikwajuni. Mwaka 1968, mwaka ule ule wa baruti ya Leipzig, mtaalamu wake Hubert Scholz aliandaa mpango mkuu wa mji wa Unguja. Kutokana na fikra za wakati huo, hata kama si kwa kila mstari wa mpango, Rais Karume alianzisha ujenzi wa maghorofa marefu ya Michenzani, katikati ya Ng'ambo. Tunayaita nyumba za maendeleo. Bibi yangu alipewa humo vyumba, ghorofa ya tatu, na ndimo nilimokulia likizo zote za shule.

Lakini Ng'ambo haikuwa kiwanja kitupu. Ili kuyapitisha maghorofa yale, nyumba za watu zilivunjwa. Nyumba ya bibi ilikuwa mojawapo: kuta za udongo, baraza mbele, mwembe uani. Bibi si adui wa Mapinduzi. Ukimsema vibaya Karume mbele yake, utaondoka bila chai. Anashukuru kwa umeme na kwa bomba, ingawa maji yalikuwa na tabia ya kutokupanda hadi kwake. Ila kila nikimuuliza, hurudia maneno haya: "Tulipewa nyumba, mwanangu. Mtaa hatukupewa." Majirani waligawanywa kwenye ghorofa mbalimbali. Baraza haikuwepo. Mwembe, basi.

Bibi hana picha ya kuweka kwenye pochi. Hakuna aliyejiuzulu kwa ajili ya baraza yake, wala hakuna shindano la wasanifu kuhusu mwembe. Simwombei ujenzi mpya. Kuivunja Michenzani leo ili kurudisha vibanda vya udongo kungekuwa dhihaka, maana kuna watoto waliozaliwa humo, wakaolewa humo, wakazikwa kutoka humo. Michenzani nayo imeshakuwa jana ya mtu. Ninachotaka kwa bibi ndicho ninachotaka kwa Leipzig: alama inayosema ukweli, kwamba hapa palikuwa na watu, na hiki mnachokiona kilikuja juu yao.

Msomaji wa Unguja atanikatiza: na Beit al-Ajaib je? Sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Nayo isijengwe? Ijengwe. Jumba lililoachwa likachakaa, likaanguka upande huku upande mwingine umesimama, linadai matengenezo, na matengenezo ni deni. Lakini hata hapo nasema, mahali palipoanguka paonekane pameanguka, na majina ya waliokufa yaandikwe mlangoni. Tukilipaka chokaa likang'aa kama halijawahi kuua mtu, tutakuwa tumejifunza ubaya wa Berlin bila kupata pesa za Berlin.

Kwa hiyo, wenzangu mnaosoma ughaibuni na mnaopiga picha mbele ya viwanja hivi vizuri: msiishie kuuliza jengo lina umri gani. Ulizeni ni mwaka upi umechaguliwa kuonyeshwa, nani aliuchagua, na ni mtaa wa nani uko chini. Ulizeni hivyo Dresden, Frankfurt na Berlin. Kisha rudini nyumbani muulize Michenzani, maana huko wanaojua jibu wanazeeka.

Siku ile nilimjibu mzee kitu kimoja tu. Aliposema tuliwajengea nyumba, nilikusanya Kijerumani changu chote nikasema, "Ndiyo. Na nyumba ya bibi yangu ilivunjwa." Alinyamaza. Akaitazama picha yake, akairudisha kwenye pochi polepole. Nikadhani nimemkosea adabu.

"Ilikuwa nzuri?" akauliza.

Sikulijua neno la Kijerumani la mwembe. Tramu yake ikaja.